Jalada la jarida la muziki: litengeneze lionekane hata likifunikwa nusu

Hapa Mwanga, Kigoma, muuzaji akiyalaza majarida mezani kwa kupandiana, kinachobaki wazi mara nyingi ni upande wa kushoto na juu. Panga jalada lako ukikumbuka hilo.

Hatua ya 1: Fungua faili la A4, milimita 210 kwa 297, uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Picha ya ukurasa mzima, pamoja na sehemu ya kukatwa, iwe na pikseli zisizopungua 2551 kwa 3579. Msanii akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, la sivyo inafika imeminywa.

Hatua ya 2: Picha ndiyo kazi yenyewe. Mtu mmoja, kifuani kwenda juu, macho kwenye kamera. Toleo la kwanza la Rolling Stone, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1967 lilimweka John Lennon wa Beatles mbele, peke yake. Ukitaka Ziwa Tanganyika nyuma yake, nenda Kibirizi asubuhi. Ziwa liko magharibi. Jioni jua linakuwa mgongoni kwake na uso unaingia giza. Asubuhi linampiga usoni. Acha anga ya kutosha juu ya kichwa, jina la jarida litakaa hapo.

Hatua ya 3: Jina liwe juu, upana wote, fonti ileile kila toleo. Fonti itaje muziki: herufi za Kerrang! zina nyufa kwa sababu ni jarida la roki nzito. Ukizivaa kwa bendi ya dansi, wazee wa Ujiji hawataligusa. Kichwa cha msanii kufunika herufi ni anasa ya majarida yanayojulikana, wewe bado.

Hatua ya 4: Jina la msanii liwe kubwa kuliko maneno yote mengine, ukiacha la jarida. Habari nyingine tatu au nne zishuke kushoto, kila moja maneno machache. Rangi tatu zinatosha, moja uichukue kwenye nguo yake.

Hatua ya 5: Tarehe, bei na bakodi chini kulia, mistari myeusi kwenye kisanduku cheupe. Bakodi ya majarida huanza na 977.

Kabla ya kupeleka kiwanda cha uchapaji, badilisha rangi kuwa CMYK, yaani mfumo wa wino nne za kuchapia. Buluu ya ziwa iliyong'aa kwenye skrini itapoa kidogo, kwa hiyo dai nakala moja ya majaribio kabla hujalipa zote.