Kupima mizizi inayoota na inayokufa kwenye vilima vya mawe vya Mwanza

Mti uliopandwa kilimani Isamilo, Bugando au Mabatini unaweza kubaki na majani ya kijani kwa wiki kadhaa huku sehemu kubwa ya mizizi yake myembamba imeshakufa. Ukisubiri majani yakuambie, umechelewa. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa misitu, walimu na vikundi vya upandaji miti wanaotaka kujua kwa vipimo mizizi inaota lini, inakufa lini na kwa kiasi gani, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana mjini.

Mizizi tunayoizungumzia ni yenye kipenyo kisichozidi mm 2. Ile minene hushikilia mti kwenye mwamba na kuishi miaka mingi. Hii myembamba ndiyo inayonyonya maji na madini, na maisha yake ni mafupi: ncha nyingine hudumu wiki chache tu, nyingine miezi, chache hupita mwaka. Mti huiotesha udongo unapolowa na kuiacha ife udongo unapokauka, kwa hiyo kukuta mizizi iliyokufa si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Cha kupima ni kama inayoota inafidia inayokufa.

Lini upime

Fuata mvua. Mwanza vuli ni Oktoba hadi Desemba, mvua hupungua Januari na Februari, masika ni Machi hadi Mei, na kiangazi kirefu ni Juni hadi Septemba. Vipimo vitano kwa mwaka vinatosha kuanzia: mwisho wa Septemba kabla mvua haijanyesha, katikati ya Desemba, mwisho wa Februari, mwisho wa Mei na mwanzo wa Agosti. Mwenye nguvu kazi apime kila baada ya wiki sita. Kikundi kinachopima mara moja kwa mwaka hupata namba isiyosema lolote kuhusu kukua wala kufa.

Kama eneo liko kwenye msitu wa hifadhi, omba kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, na hapo ruhusa ni ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania).

Bomba na namna ya kulipigilia

Nunua bomba la chuma la inchi mbili, urefu wa sm 50. Mpe fundi wa kuchomelea alinoe mdomo mmoja kwa grainda upande wa nje, na atoboe matundu mawili karibu na kichwa ili upitishe nondo ya kuzungushia. Weka alama kwa tupa kwenye sm 10, 20 na 30. Halafu pima kipenyo cha ndani cha mdomo wenyewe, kwa sababu hesabu zote zitatoka hapo. Hapa tutachukua sm 5 kamili, yaani eneo la sm² 19.63.

Chagua miti isiyopungua mitano ya aina moja na umri unaokaribiana. Kila mti utoe sampuli mbili, mita 1 kutoka shinani: moja upande wa juu wa mteremko, nyingine upande wa chini. Usizichanganye. Upande wa chini hukusanya udongo na majani yanayosombwa na mvua, upande wa juu mara nyingi umeoshwa hadi changarawe, na mizizi hufuata hali hiyo.

Pigilia bomba kwa nyundo kubwa ukiwa umeweka kipande cha ubao juu yake. Fika sm 10, zungusha kwa nondo, vuta, sukuma udongo nje kwa fimbo ya mviringo, uweke kwenye mfuko wenye jina la mti, upande, kina na tarehe. Rudia kwenye shimo lilelile hadi sm 20, kisha sm 30. Mizizi myembamba mingi iko ndani ya kina hicho.

Sasa suala la mawe, ambalo ndilo huharibu vipimo vingi vya Mwanza. Bomba likigonga jiwe usililazimishe, mdomo utapinda. Sogea sm 20 ujaribu tena, lakini andika kila jaribio lililokwama. Ukiandika yaliyofanikiwa tu, utakuwa umepima sehemu zenye udongo na kudai kilima kizima kiko hivyo. Majaribio 20 yakitoa 8 yaliyokwama, sehemu inayopenya bomba ni asilimia 60, na namba yako ya mwisho ya kilima uizidishe kwa 0.6. Makisio haya si kamili, kwani kuna mizizi ndani ya nyufa za mwamba ambayo bomba haliifikii, ila ni bora mno kuliko kuyapuuza mawe.

Kwenye misitu ya mvua ya milima mirefu, kama Usambara au miteremko ya Kilimanjaro, ubaridi hupunguza kasi ya kuoza na majani hurundikana kuwa zulia nene lililojaa mizizi. Huko bomba huanzia juu ya zulia. Anayelikwangua kwanza ili aone udongo anatupa sehemu kubwa ya alichofuata. Vilima vyetu vina tabaka jembamba, lakini kama lipo, lihesabu.

Kuosha na kutenganisha

Hifadhi mifuko kwenye friji na uioshe ndani ya wiki moja. Usiigandishe: barafu hupasua seli na mizizi hai huonekana kama iliyokufa. Loweka sampuli kwenye ndoo kwa saa moja, koroga kwa mkono, acha mchanga utue, kisha mimina maji ya juu kwenye chekeche la mm 0.5. Rudia mara nne au tano hadi maji yatoke bila mizizi. Udongo wetu unaotokana na matale (mwamba wa graniti) una mchanga mwingi, kwa hiyo kazi hii huenda haraka. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni uloweke usiku kucha.

Hamishia mizizi kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Anza kwa kutoa mizizi ya nyasi, ambayo ni myeupe au ya rangi ya majani makavu, ina unene uleule kwa urefu mrefu na haina gome. Kabla ya kuanza kazi, fukua mzizi mmoja kutoka shinani kwa mti unaoupima na uufuate hadi ncha, kisha chimba kibonge cha nyasi mahali pasipo mti. Viweke vyote viwili mezani kama mfano. Bila mifano hiyo watu wawili watagawa sinia moja kwa namna mbili tofauti.

Kutofautisha mzizi hai na uliokufa kunahitaji vidole zaidi ya macho. Shika kipande kwa kibanio, kipinde. Mzizi hai hupinda na kurudi, na ganda lake limeshikana na kiini. Uliokufa hukatika bila ukinzani, au ganda huteleza na kuacha uzi mtupu wa katikati. Ukikata kwa wembe na kutazama kwa lenzi ya mkono ya mara 10, kiini cha mzizi hai ni cheupe au cha rangi ya maziwa, cha uliokufa ni cha kahawia iliyokolea au cheusi. Rangi ya nje isikudanganye, maana miti mingine ina mizizi hai myeusi kwa nje. Vipande vifupi kuliko sm 1 vinavyokutatiza, viweke fungu la tatu la “havijulikani”, uvipime peke yake. Fungu hilo likizidi sehemu moja ya kumi, rudia mafunzo ya wanaotenganisha mizizi kabla ya kuendelea.

Tia kila fungu kwenye bahasha ya khaki, kausha kwenye oveni kwa nyuzijoto 70 kwa saa 48. Pasipo oveni, anika juani siku nne hadi tano na upime kila jioni mpaka uzito usibadilike. Hewa ya ziwani ina unyevu na mizizi mikavu huuvuta upesi, hivyo pima papo hapo inapotoka. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 inafaa kabisa.

Hesabu

Ili kupata gramu kwa mita mraba, zidisha gramu za sampuli kwa 509 (10,000 gawanya kwa 19.63). Kisha linganisha vipimo viwili vinavyofuatana. Vipande hai na vilivyokufa vikiongezeka vyote, ukuaji ni jumla ya maongezeko mawili. Hai ikiongezeka na vilivyokufa vikipungua, ukuaji ni ongezeko la hai peke yake. Hai ikipungua na vilivyokufa vikiongezeka, toa upungufu kutoka kwenye ongezeko: jibu likiwa chini ya sifuri, andika sifuri. Vyote vikipungua, ukuaji ni sifuri na upungufu wa hai ndio uliokufa.

Chukua mfano: Septemba wastani wa tabaka la juu ni hai 0.15 g na vilivyokufa 0.40 g, Desemba ni hai 0.42 g na vilivyokufa 0.46 g. Ukuaji ni 0.27 + 0.06 = 0.33 g, sawa na 168 g kwa mita mraba ya udongo. Kwa kilima chenye asilimia 60 ya sehemu zinazopenyeka ni 101 g. Namba hii ni ya chini kuliko ukweli, kwa sababu mizizi iliyoota na kuoza kati ya vipimo haikuonekana, na joto pamoja na mchwa huimaliza haraka.

Dirisha la plastiki

Kuuona mzizi uleule ukiota na kufa kunahitaji dirisha. Chimba shimo upande wa chini wa mteremko, mita 1 kutoka shinani, kina cha sm 40. Sawazisha ukuta unaoelekea mti, ubandike plastiki ngumu angavu, ukubwa wa karatasi ya A4, ijaze nyuma kwa udongo uleule uliochekechwa, kisha ifunike kwa nailoni nyeusi. Ziba shimo kwa mbao na bati lenye mawe juu, ili maji yasijae na mtoto asitumbukie. Kila wiki mbili weka karatasi angavu juu ya dirisha na uchore mizizi, kila tarehe rangi yake. Uliopotea au kuwa mweusi na kusinyaa umekufa. Miezi mitatu ya mwanzo usiihesabu, maana mizizi iliyokatwa kwa jembe huchipua kupita kawaida.

Kusoma matokeo

Tabaka la sm 10 za juu kupoteza mizizi hai mingi Agosti ni kawaida. Cha kutisha ni mizizi ya sm 20 hadi 30 kufa, au wiki sita za vuli kupita bila ncha nyeupe. Harufu ya yai viza na mizizi myeusi laini ni dalili ya maji yaliyotuama juu ya mwamba: fungua mfereji upande wa chini. Mizizi iliyo wazi juu ya ardhi inaonyesha udongo umesombwa: panga kingo ya mawe yenye umbo la nusu mwezi chini ya mti, rudisha udongo, weka matandazo ya sm 5 hadi 10 ukiacha sm 10 kuzunguka shina. Palizi chini ya mti ifanywe kwa panga au mkono. Jembe huikata mizizi ileile unayojitahidi kuiotesha.