Maneno ya Melini: Yashike kwa Sikio Kabla Hujapanda

Wiki yangu ya kwanza kwenye meli ya watalii, msimamizi aliniambia kuna zoezi la dharura "at ten". Kichwani mwangu "ten" ni kumi, na kumi ni saa kumi, basi nikarudi kabini kulala. Zoezi lilikuwa saa nne asubuhi. Nilipoamka nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, na mchana ule ule nikasimama mbele ya ofisa wa usalama, nikieleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba sisi Waswahili saa tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza. Hakucheka.

Tangu hapo nimemaliza mikataba mitano, miwili nikiosha vyombo jikoni, mitatu nikihudumia vyumba vya abiria. Kila mara nakutana na wageni waliosoma Kiingereza vizuri kunizidi, na bado wanapotea. Kiingereza cha melini kinasemwa na Wafilipino, Wahindi, Waindonesia na Wajamaika, kwenye kipaza sauti kinachokoroma, injini nayo inanguruma chini ya miguu. Ukikijua kwa macho tu, hujakijua. Ndiyo maana hapa nayaandika maneno yanavyosikika. Yatamke kwa sauti, hata ukionekana kichaa.

Anza na saa, kwa sababu ndiyo itakayokuumbua kwanza. Ratiba zote ni za saa 24: 0600 ni saa kumi na mbili asubuhi, 1400 ni saa nane mchana, 2200 ni saa nne usiku. Usizoee kutoa sita na kujumlisha sita, siku umechoka utakosea hesabu. Weka saa ya mkononi na ya simu kwenye mfumo wa 24, kisha usome tarakimu kama picha: 1400 ni 1400, basi. Halafu izuie simu isijibadilishie saa yenyewe. Meli ina saa yake, ikivuka majira inatangaza kusogeza mbele au kurudisha nyuma, na saa ya bandarini inaweza kuwa tofauti. Saa ya mwisho ya kupanda inafuata ya meli. Nimewahi kuona watu wawili wamesimama gatini wakiitazama meli ikiondoka, kila mmoja simu mkononi, na simu zote mbili zilikuwa sahihi kwa saa za mji ule.

Baada ya saa, jua mwili wako uko wapi. Mbele ya meli wanaita fowadi, nyuma afti, katikati midishipu. Wazee wa majahazi walisema omo na tezi, na methali yao iko pale pale: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo. Kabini za wafanyakazi wengi ziko huko chini karibu na usawa wa maji au chini yake, kwa hiyo utaielewa methali hiyo usiku wa kwanza.

Ukielekeza uso omo, mkono wa kushoto ni poti na wa kulia ni starbodi. Ukigeuka, pande hazigeuki nawe. Hiyo ndiyo sababu ya kutosema kushoto na kulia: wawili wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Starbodi maana yake ya asili ni upande wa usukani, kwa kuwa vyombo vya kale vya kaskazini ya Ulaya vilifungwa kasia la kuongozea upande wa kulia. Upande wa pili uliitwa larbodi, lakini ukipigiwa kelele katika upepo ulifanana mno na starbodi, na mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru liachwe, litumike poti. Kwa hiyo ukichanganyikiwa usijilaumu sana, wenyewe walichanganyikiwa kabla yako. Shida yetu ni kwamba poti pia ni bandari. Ukisikia "poti saidi" ni upande, ukisikia "in poti" ni bandarini. Taa nazo zinasaidia: nyekundu poti, kijani starbodi.

Zoezi langu lilikuwa hili: kila nikitoka ngazini kwenye sitaha nyingine, nasimama, naonyesha kidole na kusema kimoyomoyo "omo kule, poti huku". Siku nne zilitosha. Nikipotea nilishuka hadi kwenye ujia mrefu wa wafanyakazi unaopita meli karibu yote toka mbele hadi nyuma. Meli nyingi wanauita ai-nainti-faivu, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kwenye meli zenye desturi za Kiingereza utasikia Bama Rodi. Kila kitu kinapita hapo: mizigo, mapipa ya taka, wapishi, hata wacheza dansi wenye manyoya kichwani. Tembea ukingoni.

Sasa maneno ya kuokoa roho, na hapa usiharakishe. Mlio mfupi mara saba au zaidi, ukifuatwa na mmoja mrefu, ni ishara ya dharura kwa meli nzima. Ukiusikia unakwenda masta stesheni, yaani kituo cha kukusanyikia, au kwenye zamu yako ya dharura iliyoandikwa kwenye kadi yako. Neno hili lilinitesa. Kwenye nyaraka za meli nahodha pia anaitwa Masta, na kwa sikio letu maneno hayo mawili ni mamoja. Mwenzangu wa kabini alidhani masta stesheni ni mahali anaposimama nahodha, akawa anapanda ngazi kwenda juu huku watu wote wanashuka. Basi shika hivi: Masta mtu ni nahodha, masta mahali ni kukusanyika.

Zoezi la abiria hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Haikuwa hivyo zamani. Sheria ilikuwa inatoa nafasi ya saa 24. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, kulikuwa na abiria waliopanda siku ile ile na hawajafanya zoezi lolote. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zikabadilishwa, na mabadiliko yakaanza kutumika 2015. Ukiona siku ya kupokea abiria unakimbizwa kama mwizi, umejua asili yake.

Kipaza sauti hakitasema "moto" ili abiria wasitaharuki. Kampuni nyingi husema Bravo kwa moto, Alfa kwa mgonjwa mahututi, Oscar kwa mtu aliyeanguka baharini. Nyingine zina orodha yake, kwa hiyo siku ya kwanza omba ya meli yako, iandike nyuma ya kitambulisho. Oscar haikuokotwa tu: katika bendera za kimataifa za ishara, bendera ya herufi O, nyekundu na njano kwa mshazari, ina maana hiyo hiyo.

Ukimwona mtu anaanguka, piga kelele "mani ovabodi" na utaje upande, poti au starbodi, maana usukani utazungushwa kufuata upande huo. Mtupie boya. Kisha mnyooshee kidole na usiuondoe wala kupepesa macho hadi mwingine akupokee. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kidogo kama nazi, ukikipoteza huenda usikione tena.

Neno jingine ni "wotataiti doo", mlango usiopitisha maji. Ni chuma kinachosukumwa na haidroliki, hakina jicho wala huruma. Bosini, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, yule ambaye kwenye jahazi angeitwa serahangi, alitupeleka wawili mbele yake. Akachukua fimbo ya ufagio, akaiweka njiani, akaacha mlango ujifunge. Fimbo ilikatika kwa mlio mdogo tu, mlango haukusita hata kidogo. Akaokota vipande, akampa kila mmoja wetu kimoja, bila hotuba. Kanuni: vuta mkono wa mlango, ngoja ufunguke wote, pita mikono ikiwa mitupu, ufunge. Mlango unapotembea wenyewe, kengele inalia na taa inamweka, simama.

Kuhusu watu, nitapita haraka. Meli ina idara tatu: sitaha, injini na hoteli. Nahodha ni mkuu wa wote, wa pili wake kwenye meli za abiria ni stafu kapteni, na mara nyingi nidhamu ya wafanyakazi iko mikononi mwa huyo. Hoteli dairekta ndiye mkubwa wako ukiwa jikoni, mgahawani au vyumbani. Rubani, ukisikia yumo, usitazame angani: ni yule anayepanda kuingiza meli bandarini, nalo jina hilo lilikuwa la bahari kabla ya ndege. Tenda hapa haina zabuni, ni boti ndogo ya kupeleka abiria nchi kavu meli inapotia nanga nje.

Aipiemu ni siku unayobaki melini bandarini, kwa sababu lazima wawepo watu wa kutosha dharura ikitokea. Sainoni ni kuanza mkataba, sainofu ni kumaliza. Mesi ni chumba chetu cha kulia. Yuesipieichi ni wakaguzi wa afya wa Marekani: wanakuja bila hodi, alama ni 100, na ukipata 85 kushuka chini umeanguka. Jikoni neno hilo lilitosha kunyamazisha redio. Kwao utaulizwa tu unachofanya kwa mikono, nawe jibu kwa mpangilio: osha, suuza, takasa, na chakula kisikae kati ya nyuzi joto 5 na 57 za Selsiasi.

Maneno mawili ya mkataba usiyaache kwa mwingine. Resti awasi ni saa za mapumziko: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unataka angalau saa 10 katika kila saa 24 na 77 katika siku saba, zisikatwe zaidi ya vipande viwili, kimoja kisipungue saa 6. Kila mwezi utasaini karatasi yake. Isome kwanza, mimi nilisaini ya kwanza bila kuitazama na siku mbili hazikuwa za kweli. La pili ni ada ya ajira: chini ya mkataba huo huo, wakala hatakiwi kukutoza kwa kukutafutia kazi. Unachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli.

Misimu utaiokota mwenyewe mesini. Paisano ni mtu wa nchi yako, na wote wataulizana nani paisano wa nani. Mamagayo ni mvivu, mkwepa kazi. Mimi niliitwa hivyo wiki nzima, kwa ajili ya lile zoezi la saa nne.