Kabla hujafunga safari ya Makka kwa miguu

Mtu anayetaka kwenda Makka kwa miguu kutoka Pemba, hatua yake ya mwanzo ni kupanda boti. Barazani watu hucheka wakisikia hivyo, lakini ndivyo safari yenyewe ilivyo: bahari inaikata mara mbili, hapa mwanzo na kule mwisho, na ile ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Mie mwenyewe nimetembea kutoka Tanga mpaka Mombasa tu, kilomita kama 165, sijidai zaidi ya hapo. Hata hivyo vijana huja kuniuliza, na wote huanza na viatu. Viatu waviweke mwisho. Kwanza fungua ramani.

Njia inayoeleweka ni hii: boti hadi Tanga, halafu Horohoro mpakani mwa Kenya, Mombasa, Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale, kisha Ethiopia mpaka Addis Ababa, na mwisho Djibouti. Jumla ni kilomita 3,000 na ushei. Ukienda kilomita 25 kwa siku na kupumzika siku moja kila wiki, hiyo ni miezi mitano. Sasa umefika Djibouti, unaiona bahari, ng'ambo ni Yemen, na Yemen si ya kupita. Sudan, ambako mahujaji wa Afrika walikuwa wakivukia Suakin karne na karne, na baadaye Port Sudan, imo vitani tangu Aprili 2023. Kwa hiyo kipande cha mwisho ni ndege, ama kutoka Djibouti ama Addis, hadi Jeddah. Moyo wako uliulize mapema kama unakubali hivyo. Nimemuona mtu aliyekuwa tayari kwa simba wa Tsavo lakini si kwa tiketi ya ndege.

La pili ni nia, nalo usilichukulie juu juu. Usiweke nadhiri ya kutembea. Ukisema kwa ulimi wako kwamba ni nadhiri, umejifunga, na kujifungua kuna masharti ya kwenda kumuuliza shekhe. Mtume (s.a.w.) alimkuta mzee anaburutwa katikati ya wanawe wawili kwa sababu aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akamuamrisha apande. Na sisi wa madhehebu ya Shafi, kauli aliyoitilia nguvu Imamu Nawawi ni kwamba kwenda Hija kwa kipando ni bora kuliko kwa miguu, maana Mtume mwenyewe alihiji juu ya ngamia. Sisemi haya kumvunja mtu. Nasema ili ukichoka Voi ukapanda basi mpaka Nairobi, usirudi nyumbani kichwa umeinamisha.

Deni lilipwe au anayekudai akuridhie. Mke na watoto wawe na matumizi ya miezi yote ya kutokuwepo kwako, sio ya mwezi wa kwanza kisha "Mungu atajaalia". Andika wasia, uwepo mikononi mwa mtu anayejua kusoma. Hayo yanajulikana, nayapita.

Makaratasi ndiyo yanayowaangusha watu. Yupo yule kijana wa Kerala, India, Shihab Chottur, aliyeanza kutembea Juni 2022. Miguu yake ilimfikisha mpaka wa India na Pakistan bila tatizo, kisha akakaa miezi akisubiri visa ya Pakistan. Makka aliingia 2023. Sisi Kenya hatuhitaji visa, lakini Ethiopia tunahitaji, na visa unayoiomba kwa mtandao uisome vizuri: nyingine ni za kuingilia uwanja wa ndege tu, na wewe unakuja na vumbi la Moyale miguuni. Waulize ubalozini kabla, na jibu liwe la maandishi. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita tangu siku utakayofika Saudia, si tangu siku ya kuondoka nyumbani. Na kila mpaka hakikisha muhuri umegongwa. Mimi niliporudi kutoka Mombasa niliwekwa kwenye benchi saa tatu nzima kwa sababu siku ya kwenda ofisa mmoja alinipungia mkono nipite, nami nikafurahi kupita.

Chanjo ya homa ya manjano unachoma mara moja, kadi ya njano inaanza kufanya kazi baada ya siku 10 na sasa inatambuliwa kwa maisha yote. Ya homa ya uti wa mgongo Saudia wanaitaka angalau siku 10 kabla hujaingia.

Visa ya Hija yenyewe haingoji mtu aliyeko njiani. Nafasi ni za mgao wa nchi, zinapitia taasisi za Hija, na malipo na majina hufungwa miezi kabla. Kaa na taasisi yako uwaambie wazi kuwa utajiunga nao Jeddah, wakikataa utajua ungali nyumbani. Kwenda kwa visa ya kutembelea halafu ukajichanganya na mahujaji, hapana. Hija ya 2024 walikufa watu 1,301 kwa hesabu ya Saudia, na asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema lenye ubaridi Mina, hana basi, na mwaka ule joto Msikiti wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Binafsi naona atembeaye ni bora anuie Umra, ambayo haikufungi na tarehe moja ya Arafa, siku ya kilele cha Hija. Ukichelewa wiki mbili Marsabit hujapoteza kitu.

Ukishikilia Hija, basi piga hesabu kwa kurudi nyuma. Tuchukue ya 2027: Arafa itaangukia katikati ya Mei. Toa miezi mitano, unaondoka Tanga katikati ya Disemba, upepo wa kaskazi, vuli ikimalizika. Mpaka hapo vizuri. Lakini hesabu mbele tena: Mombasa kabla Disemba haijesha, Nairobi katikati ya Januari, Isiolo mwishoni mwa Januari. Na Ramadhani ya 2027 inaanza karibu na tarehe 8 Februari. Maana yake mwezi mtukufu utakukuta kati ya Isiolo na Moyale, ukame wa kaskazini mwa Kenya, kilomita 500 za jua, ambako mtu wa miguu anahitaji lita tano au sita za maji kwa siku na pengine ukakosa duka siku nzima. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, lakini nenda ukawaeleze hivyo wenyeji waliokukaribisha futari. Amua mapema: ama utakula, ama utatembea usiku, ama utaondoka nyumbani mwezi mmoja kabla ili Ramadhani ukae mahali pamoja. Ukikaa, kumbuka kwamba kwetu anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, sala zake hazipunguzi tena.

Maji hayo hayabebeki mgongoni. Adam Mohamed, aliyetembea kutoka Uingereza mpaka Makka 2021 hadi 2022, alisukuma kigari chake mwenyewe na ndani yake akilala. Fundi wa baiskeli yeyote wa Chake Chake, hapa Pemba, anaweza kukutengenezea kigari cha magurudumu mawili. Chukua mipira ya akiba, kaskazini kuna miiba. Habari za usalama, hasa upande wa Oromia, jimbo la Ethiopia, waulize madereva wa malori asubuhi ya siku hiyo hiyo, maana ya wiki iliyopita imeshaoza. Dola ziwe mpya, noti za zamani zinakataliwa.

Haya, miguu. Fanya mazoezi Pemba, usiende Unguja, kule ni tambarare mno. Mkoani mpaka Chake ni karibu kilomita 30 za vilima, nenda na kigari kimejaa. Siku yangu ya kwanza nilivaa raba mpya. Nilipofika Mtambile kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge kubwa kama kungu, nikakaa barazani kwa muuza duka. Bibi mmoja akaniangalia, akaangalia kigari.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Chake, bibi."

"Kwani gari hukuliona?"

Akaniletea maji ya chumvi na kitambaa. Ngozi ya lengelenge usiibandue, toboa pembeni kwa sindano iliyochomwa moto, kamua, funga. Raba zivaliwe miezi miwili kabla, ziwe na nafasi ya kidole mbele, maana mguu huvimba. Soksi jozi mbili kwa siku, moja inakauka juu ya kigari.

Na lipo jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari uwanja wa ndege. Mwanamume akishahirimia, yaani akishaingia katika ihramu ya Hija au Umra, havai kiatu cha kufunika mguu. Miezi mitano umeuzoesha unyayo kwenye raba, halafu unauingiza kwenye champali uzunguke Kaaba, uende Safa na Marwa, na kwa mwenye kuhiji, utembee Mina, Arafa na Muzdalifa juu ya lami inayochoma. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kufika, vua raba utembee nusu saa kwa champali zile zile utakazohirimia. Na mafuta ya mgando ya kupaka visigino yanunuliwe Chake, yasiyo na harufu, kwani manukato nayo ni haramu ukiwa ndani ya ihramu.