SOMO: Kujipima sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi ukiwa mjamzito

Wamama wenzangu, mimba yangu ya pili ilinikuta Uyole mwezi wa saba, baridi lile mnalijua, nikawa naamka saa tisa usiku nakaa jikoni na kitenge mabegani nalia na sijui nalilia nini. Kliniki wakapima presha, damu, uzito, basi. Kujaribu kusema, nesi mmoja akanijibu mimba haijaanza kwako. Ndo maana naandika.

1. Tafuta maswali ya Edinburgh (EPDS) ya Kiswahili, yapo mtandaoni. Yalitoka 1987 kwa ajili ya waliojifungua ila wajawazito nao wanapimwa nayo. Yako 10, kila jibu lina alama 0 hadi 3.

2. Jibu ulivyojisikia siku 7 zilizopita, sio leo tu, na ujibu PEKE YAKO. Mimi mara ya kwanza mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mboga, nikapata 6. Kesho yake nikajifungia chumbani nikajibu ukweli, 15.

3. Jumlisha taratibu. Swali la 1, 2 na 4 jibu lililoandikwa juu kabisa ni 0 na la chini kabisa ni 3, yaliyobaki ni kinyume, la juu ni 3 na la chini ni 0, hapo wengi wanachemka.

4. Ukifika 13 kwenda juu kamwone daktari au nesi unayemwamini. Haimaanishi una sonona tayari, hiki kipimo kinachuja tu, daktari ndo anathibitisha. La 3, 4 na 5 ndo ya wasiwasi, yakipanda hayo matatu usiyapuuze hata jumla ikiwa ndogo. Na la 10 linauliza kuhusu kujidhuru, jibu lolote zaidi ya 0 nenda leo leo, usikae peke yako.

MASWALI

Dada kuchoka na kukosa hamu ya kula si mimba tu hiyo?
– Ndo maana hawakuyaweka humo, uchovu na kula havimo kabisa. Usingizi umo, ila wanauliza kama huzuni ndo inakunyima.

Niko Tukuyu wiki ya 30, natumia dawa za sonona toka kabla ya mimba, niache?
– Usiache ghafla mpenzi, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Aliyekuandikia aambiwe una mimba, zipo wanazoendelea nazo wajawazito, yeye ndo atapima.

Mume akisema nadeka je?
– Wangu alisema hivyohivyo. Nikampa simu asome majibu yangu mwenyewe, akanyamaza, asubuhi akaita bajaji tukaenda wote.