Kuchagua mtaa wa kulelea watoto pembezoni mwa Dar: mwongozo wa dalali

Wateja wangu wengi huanza na nyumba. Vyumba vitatu kimoja masta, jiko la ndani, stoo, fensi, pakingi ya magari mawili. Mimi ni dalali, nazungusha watu kati ya Bunju, Madale, Goba na Mbezi Mwisho, mara mojamoja navuka kwenda Kigamboni. Mwenye watoto wadogo huwa namwambia aiweke nyumba kando kwanza, aanze na siku ya mtoto: ataamka saa ngapi, atapita wapi, atarudi saa ngapi, atacheza wapi. Nyumba inarekebishika. Korongo lililo mbele ya geti halirekebishiki kwa mshahara wako.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukianza na picha za WhatsApp nilizokutumia mimi au wenzangu, utaipenda sebule na mengine yote utayatafutia sababu.

Hatua ya 1: Andika siku ya mtoto

Chukua karatasi. Andika baba anafanya kazi wapi, mama wapi, na shule mnazozifikiria. Kisha pigia shule simu kuhusu gari.

Hapa ndipo wazazi wanapolala. Shule itakwambia gari linafika hadi mlangoni, nawe unafurahi. Usifurahi bado. Uliza maswali mawili: mwanangu atakuwa wa ngapi kuchukuliwa asubuhi, na wa ngapi kushushwa jioni? Huku pembezoni magari mengi huanza kuokota watoto saa 11 alfajiri, mengine kabla ya hapo. Gari likigeuza ruti ileile jioni, aliyechukuliwa wa kwanza ndiye anayeshushwa wa mwisho. Mtoto wa chekechea anayekaa mwisho wa ruti husinzia garini asubuhi na jioni, akifika nyumbani anakula huku macho yamefumba. Kama huamini maneno yangu, simama kwenye njia ya kuingia mtaa unaoutaka saa 11 na nusu alfajiri uangalie yale magari ya njano yanavyopita, na vichwa vimeegemea vioo.

Zamani wengine walikimbilia bweni. Tangu 2023 serikali imeelekeza bweni lianzie darasa la tano, kwa hiyo kwa mtoto mdogo usiweke hilo kwenye hesabu.

Kama mnategemea shule ya serikali, nendeni wenyewe mkaione siku ya masomo. Ada na michango ya lazima vilishafutwa na watoto wameongezeka sana, hasa mitaa hii mipya ambako watu huhamia kabla ya madarasa kujengwa. Muulizeni mwalimu mkuu darasa la kwanza lina watoto wangapi na walimu wangapi. Halafu tembeeni kwa miguu kutoka shuleni hadi mtaani, mkiangalia wapi mtoto atavuka. Shule iliyo mita mia tatu ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo, kwa mtoto wa miaka saba iko mbali kuliko iliyo kilomita moja ndani ya mtaa.

Hatua ya 2: Pima njia mwenyewe, siku ya Jumatatu

Dalali akikwambia "dakika tano kutoka lami", muulize dakika tano za nini. Mara nyingi ni za bodaboda, njia kavu, bila abiria wa pili. Kwa miguu ukiwa na mtoto na begi ni nusu saa, na mvua ikinyesha boda anapandisha bei au anakataa kabisa kuingia.

Jumapili mchana kila mahali ni karibu. Kwa hiyo nenda Jumatatu asubuhi, ukitokea huko kuelekea kazini kwako, kwa usafiri utakaoutumia kweli. Upande wa Barabara ya Morogoro una mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara tangu 2016, na njia nane kwenda Kibaha, lakini anayekaa ndani ya Kibamba au Mbezi bado ana kipande cha kufika barabarani, na kipande hicho ndicho kinachokula nauli. Goba na Madale zilibadilika sana zilipopata lami ya kuunganisha Mbezi Mwisho, Tangi Bovu na Wazo. Kuna mitaa ambayo sasa ina njia mbili za kutokea, na mimi naipa alama nyingi kwa hilo, maana njia moja ikifungwa watoto hawalali barabarani. Kigamboni kuna utulivu na viwanja vya kupumua, ila unavuka kwa kivuko cha Magogoni au daraja lililofunguliwa 2016, na vyote vina tozo. Zidisha tozo hiyo kwa siku za kazi za mwezi mzima kabla ya kusema kodi ya huko ni nafuu.

Hatua ya 3: Njoo na mvua

Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Njoo Machi hadi Mei wakati wa masika, au wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kuwahamisha familia za bonde la Msimbazi hadi Mabwepande yalikuja na mvua za vuli, kwa hiyo usidanganywe kwamba hatari ni Aprili peke yake.

Ukishindwa kuja na mvua, soma ukuta. Tafuta mstari wa tope uliokauka kwenye fensi, na ukiona rangi mpya imepakwa hadi usawa wa goti tu, uliza kwa nini. Angalia matundu chini ya fensi: mwenye nyumba hatoboi ukuta wake kwa kupenda, anaachia maji yapite. Viroba vya mchanga karibu na geti, tofali lililowekwa mlangoni kama kizingiti kirefu, soketi za umeme zilizopandishwa juu kuliko kawaida, vyote vinaeleza jambo moja. Ndani, fungua kabati la chini la jiko unuse. Nyumba iliyoingiwa na maji hunuka hapo hata ikifagiliwa vipi.

Kisha nenda kwa mama lishe wa jirani au mwenye genge, usiende na mimi. Muulize maji hupita wapi mvua ikikaa siku mbili. Yeye hana kamisheni.

Goba na Madale ni za vilima, na tatizo lake ni makorongo yanayokula barabara na kusogelea misingi ya nyumba. Boko Basihaya ni tambarare, huko tatizo ni maji yanayokaa na mashimo ya choo yanayojaa. Kando ya mto Mpiji, Mbezi, Tegeta au Msimbazi, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nyumba nzuri ya bei ya kutupa karibu na mto ina sababu ya bei hiyo.

Hatua ya 4: Onja maji

Usiulize "maji yapo?" Jibu ni "yapo" kila siku. Uliza ni ya DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima, na ya bomba hutoka siku zipi za wiki. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2021 na tena 2022, jiji zima liliingia kwenye mgawo, na familia zilizokuwa na simtanki moja ya lita elfu moja zilihangaika na maboza ya maji. Nyumba yenye watoto inahitaji akiba ya kutosha wiki.

Kama ni kisima, nawa mikono na sabuni. Povu likigoma, maji yana chumvichumvi nyingi. Tazama bomba na birika: ukoko mweupe ni dalili hiyohiyo. Maji hayo yanafaa kudekia, lakini ya kunywa na kupikia utanunua kila mwezi, kwa hiyo yahesabu kama sehemu ya kodi.

Hatua ya 5: Rudi Jumamosi usiku

Saa 4 usiku, zima gari usikilize. Baa ya kona iliyonyamaza mchana huamka wakati huo. Spika za ibada nazo zina ratiba. Anayezipenda atafurahi, mwenye mtoto mchanga ajue mapema. Kuna pia kelele na vumbi vya kazi: karibu na machimbo ya kokoto ya Kunduchi, karibu na kilima cha Wazo kwenye kiwanda cha saruji, na upande wa Pugu Kinyamwezi kuna dampo la jiji ambalo harufu yake inategemea upepo.

Asubuhi yake angalia watoto wa mtaa wanacheza wapi. Wakiwa barabarani tu, hakuna uwanja. Mitaa iliyotokana na mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000, kama Mbweni Mpiji, Mivumoni, Kibada na Tuangoma, ilipangwa na barabara na maeneo ya wazi. Uwanja uliochorwa unaweza kuwa umeshavamiwa, kaulizie.

Hatua ya 6: Panga kabla ya kununua

Hata kama pesa ya kiwanja unayo, panga kwanza mtaa huohuo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 mkupuo, basi ingia Januari au Februari ili masika yote yakukute ndani. Mei utakuwa unajua zaidi ya dalali yeyote.

Ukifika kununua, usiishie kwenye karatasi ya serikali ya mtaa. Omba upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, na uende idara ya ardhi ya manispaa uone kwenye mchoro wa mipango miji kama kiwanja ni cha makazi, au ni cha shule, au eneo la wazi. Mpimaji atafute bikoni, yaani alama za mipaka, ukiwepo. Kwenye barabara kuu, uliza mipaka ya hifadhi ya barabara kwa TANROADS, wakala wa barabara: 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Kama muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya familia, mwenza asaini mbele yako.

Hatua ya 7: Malipo na kuhamia

Kwa kupanga, dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Pesa ya kuzungushwa uikubaliane kabla ya kupanda boda, na umlipe mtu mmoja, maana tukifika wanne kila mmoja atadai yeye ndiye aliyekuonyesha. Kodi mlipe mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkataba ulioandikwa nani analipia kunyonya choo kikijaa na nani anatengeneza pampu ikiungua. Hakikisha LUKU, mita ya umeme, haina deni. Ukishaingia, peleka nakala ya kitambulisho na picha kwa mtendaji wa mtaa, upate namba ya mjumbe wako. Na mtafute dereva mmoja wa bodaboda kijiweni, mzee kidogo, mwenye kofia mbili, uwatambulishe watoto kwake.