Pembe Moja Isikuamulie Matibabu

Kazi yangu ni kunyoosha meno, na kabla ya kupanga matibabu huchora juu ya eksirei ili nipime pembe za mataya. Kabla sijashika penseli, naikagua picha yenyewe. Eksirei ya fuvu ya upande inanifaa pale tu kichwa kilipokaa sawa, magego yameumana na midomo imelegea. Ukingo wa chini wa taya ukitoka mistari miwili iliyokaribiana, nachora katikati yake. Ikiachana sana, kichwa kilipinda. Naomba picha nyingine.

Nukta nne zinatosha kuanzia. S ni katikati ya kishimo kinachobeba tezi ya pituitari. N ni pale mfupa wa paji unapokutana na mfupa wa pua. A ni pale taya la juu lilipobonyea zaidi mbele, chini ya pua. B ni bonyeo la taya la chini, juu ya kidevu. A ndiyo inayonisumbua, maana mfupa hapo ni mwembamba na kivuli hufifia. Nachora leo, kesho nachora tena bila kuchungulia mchoro wa kwanza.

Kwa vipimo vya 1953 vya Steiner, daktari Mmarekani wa kunyoosha meno, SNA (pembe ya mistari S-N na N-A) ni digrii 82, SNB (ya S-N na N-B) 80, na tofauti yao, ANB, ni 2. ANB ikiwa kubwa, taya la juu limetangulia au la chini limebaki nyuma. Ikiwa hasi, ni kinyume chake.

Hapo ndipo niliponusurika kukosea. Binti wa miaka 13 alikuwa na ANB ya 6, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria kifaa cha kusogeza taya la chini mbele. Nikarudi kwenye mchoro: SNA 89, SNB 83. Zote mbili juu! N yake ilikaa nyuma, kwa hiyo pembe zote zilikuzwa. Nikapima kwa njia ya Wits: kutoka A na B unachora mistari inayoukuta mstari wa meno yanapoumana kwa pembe ya digrii 90, kisha unapima umbali kati ya pale inapougusa. Ilikuwa milimita 0, kipimo cha kawaida kwa wanawake. Mataya yalikuwa yanaelewana.

Tatizo lilikuwa meno ya mbele. Yale ya chini yalifanya pembe ya digrii 104 na ukingo wa chini wa taya, ilhali Tweed, daktari mwingine Mmarekani wa kunyoosha meno, alilenga 90. Hata hivyo sikuzikimbilia hizo 90, kwa kuwa vipimo hivi vilitokana na nyuso za Wazungu, na kwa Waafrika wengi meno yaliyotangulia kidogo ni ya kawaida kabisa. Nilimuuliza mwenyewe kinachomkera. Akasema midomo haifungi bila kuikaza. Hilo, pamoja na mchoro, ndilo lililonifanya nipange kung'oa magego madogo manne na kuvuta meno ya mbele nyuma.