Kuajiri fundi wa bustani na kutunza ua wa nyumba katika jangwa la Phoenix

Phoenix, mji mkuu wa jimbo la Arizona nchini Marekani, hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, na katikati ya mwaka 2023 joto lilifikia au kupita nyuzi 43 za Selsiasi kwa siku 31 mfululizo. Katika bonde ulimo mji huu wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, na wale wanaonunua nyumba hujikuta na ua ambao hauendeshwi kwa ujuzi wa kilimo waliokuja nao. Mtu aliyelima Kivu, ambako mvua hufanya sehemu kubwa ya kazi, hapa anapaswa kuuliza swali moja kabla ya yote: maji yatafikaje kwenye mizizi, kwa kiasi gani na baada ya siku ngapi? Fundi asiyeweza kulijibu swali hilo vizuri hafai kuajiriwa, hata kama bei yake ni ndogo na mashine zake ni mpya.

Kwanza tenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ipo kazi ya kutengeneza ua, yaani kutandaza kokoto, kujenga njia za mawe, kulaza mabomba ya umwagiliaji na kupanda miti, na ipo kazi ya matunzo ya kila mwezi, yaani kupogoa, kuondoa magugu na kukagua mabomba. Kazi ya kwanza inasimamiwa na ofisi ya jimbo iitwayo Msajili wa Wakandarasi. Kazi ya ujenzi ambayo gharama yake yote, ufundi pamoja na vifaa, inafika dola 1,000, au inayohitaji kibali cha ujenzi hata kama ni ya bei ndogo, lazima ifanywe na mwenye leseni, na kuigawanya katika vipande vidogo ili kukwepa kiwango hicho hakuruhusiwi. Kwa kazi za mawe na umwagiliaji katika makazi, leseni inayohusika ni ya aina ya R-21. Mwombe fundi namba ya leseni, kisha itafute mwenyewe katika tovuti ya Msajili, kwani huko utaona kama bado ni hai, imetolewa kwa jina la nani, na kama kuna malalamiko. Faida ya kufanya hivyo ni kubwa kuliko inavyoonekana: mwenye nyumba aliyefanyiwa kazi mbovu na mkandarasi mwenye leseni ana miaka miwili ya kupeleka lalamiko kwa Msajili, na upo mfuko wa fidia kwa wenye nyumba waliopata hasara, lakini aliyempa kazi mtu asiye na leseni hawezi kudai chochote katika mfuko huo.

Mafundi watatu wakija kukupa makadirio, usiwaulize bei pekee. Waonyeshe mti mmoja katika ua wako na uwaombe waeleze wangeumwagiliaje mwezi wa Julai na wangeumwagiliaje mwezi wa Januari. Anayejua kazi atauliza mti una umri gani, atachimba kidogo kuona udongo, na atatafuta mahali yalipo matundu ya bomba yanayotoa maji kwa matone. Asiyejua atasema dakika kumi kila siku, mwaka mzima. Jibu hilo lingetosha kumwondoa katika orodha, kwa sababu maji machache ya kila siku hulowesha sentimita chache za juu, mizizi hubaki huko huko juu kwenye joto, na chumvi iliyomo katika maji ya Mto Colorado na Mto Salt hurundikana karibu na shina badala ya kusukumwa chini.

Kanuni inayofundishwa katika bonde hili ni rahisi kukumbuka: maji yafike futi 1 kwenda chini kwa mimea midogo na dungusi, futi 2 kwa vichaka, na futi 3 kwa miti. Ili kujua yamefika wapi, chukua nondo nyembamba na uisukume ardhini kwa mkono muda mfupi baada ya kumwagilia. Itapita katika udongo uliolowa na kugoma inapokutana na udongo mkavu. Mti wa jangwani uliokwisha kushika mizizi, kama vile palo verde, huhitaji maji hayo ya kina kila baada ya siku 7 hadi 21 wakati wa kiangazi, na kila baada ya siku 30 hadi 60 wakati wa baridi. Mti mchanga uliopandwa hivi karibuni huhitaji maji mara nyingi zaidi, nao ndio unaofaa kukaguliwa kila wiki. Mti unavyokua, matundu ya matone yanapaswa kusogezwa nje hadi chini ya ukingo wa matawi, maana mizizi inayokunywa iko huko. Katika nyua nyingi nilizoziona, bomba bado limekaa palepale lilipowekwa siku ya kupanda, limegusa shina, na mti unadhoofika huku maji yakilipiwa. Idara ya maji ya jimbo husema kwamba hadi asilimia 70 ya maji ya nyumbani huenda nje ya nyumba, kwa hiyo kosa hilo linaonekana katika bili kabla halijaonekana kwenye majani.

Kabla ya jembe kuingia ardhini, piga simu namba 811 angalau siku 2 za kazi kabla. Huduma hiyo haina malipo, na wahusika watakuja kuchora rangi juu ya njia za gesi, umeme na maji. Hata hivyo, hawachori mabomba yako binafsi ya umwagiliaji wala ya bwawa la kuogelea, hivyo fundi lazima ayatafute mwenyewe. Chini ya udongo wa hapa mara nyingi kuna kaliche, tabaka la chokaa lililoshikamana hadi kuwa gumu kama saruji. Jaza shimo maji, na kama baada ya siku nzima bado yamesimama, mwambie fundi atoboe tabaka hilo au ahamishe mahali pa kupanda. Shimo liwe pana mara tatu ya mzizi, lakini lisizidi kina chake. Wakati mzuri wa kupanda ni kuanzia Oktoba, joto linapopungua, ili mizizi ipate miezi kadhaa kabla ya Juni. Fundi anayekuhimiza kupanda Julai anafikiria ratiba yake, hafikirii mti wako.

Mkataba uandikwe hata kama kazi ni ndogo. Kwa kazi ya ujenzi inayozidi dola 1,000 sheria ya Arizona yenyewe inadai maandishi yenye bei, tarehe, maelezo ya kazi na namba ya leseni. Usilipe fedha zote mwanzoni. Kama Kiingereza cha mkataba kinakushinda, mtafute mtu mzima anayekisoma vizuri akusomee kabla ya kutia sahihi, wala usimwachie mtoto mzigo huo. Katika mkataba wa matunzo ya kila mwezi taja kwa maneno wazi mambo ambayo hayatafanywa, na la kwanza liwe kupogoa vichaka kwa mashine hadi viwe mfano wa mipira. Mtindo huo umeenea mno Phoenix. Hukata vichipukizi vyote vinavyobeba maua, huacha ganda jembamba la majani juu ya vijiti vitupu, na hulazimu kazi hiyo irudiwe kila mara, jambo linalomfaa anayelipwa kwa ziara. Kichaka kilichopandwa mahali penye nafasi ya kutosha huhitaji kupogolewa kwa mkono mara moja au mbili kwa mwaka.

Miti inahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu ya msimu wa monsuni unaohesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, wakati dhoruba za vumbi na upepo mkali huangusha miti usiku mmoja. Mti ulionyweshwa juu juu huanguka kwa urahisi, na ule uliovuliwa matawi kupita kiasi huunguzwa gome na jua. Usiruhusu zaidi ya robo ya matawi kuondolewa kwa mara moja, na kwa mti mkubwa mwajiri mtaalamu wa miti mwenye cheti. Mitende ya mapambo ni hatari zaidi: makuti makavu yaliyoachwa miaka mingi yanaweza kumwangukia mpogoaji aliye chini yake na kumzuia kupumua, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Kabla ya kumruhusu mtu kupanda, omba uthibitisho wa bima ya ajali kwa wafanyakazi wake.

Kokoto ndizo zinazofunika nyua nyingi, na tabaka la sentimita 5 linatosha. Kitambaa cha kuzuia magugu kinachouzwa pamoja nazo sikishauri, kwani vumbi hujikusanya juu yake na magugu huota hapo hapo. Ni afadhali kung'oa kwa mkono baada ya kila mvua kabla mbegu hazijakomaa. Gugu moja la kuangaliwa sana ni nyasi ya bafeli, ambayo asili yake ni Afrika na ililetwa Arizona kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Hukauka, hushika moto haraka, na moto wake huua dungusi wakubwa wa saguaro ambao hawakuzoea kuungua. Kenya imepata msiba wa upande wa pili, kwa kuwa mathenge, mti vamizi unaosumbua Baringo, ni jamaa wa mesikite, mti wa asili wa nchi hizi. Nyasi ya bafeli ing'olewe pamoja na mzizi wake. Lowesha udongo kwanza, maana vumbi la ardhi ya hapa hubeba kuvu wanaosababisha ugonjwa wa mapafu uitwao homa ya bonde. Mashine ya kupuliza majani nayo isisukume takataka barabarani; sheria inakataza.

Nyasi za kijani ziwekwe tu mahali watoto wanapocheza. Mji jirani wa Scottsdale umepiga marufuku nyasi za asili mbele ya nyumba mpya tangu Agosti 2023. Sehemu iliyobaki ni bora itumike kwa chakula, kwani bamia, kunde na mchicha hustahimili kiangazi ambacho nyanya hushindwa kuzaa, mradi maji yapo na jua la alasiri limepunguzwa kwa wavu wa kivuli.

Novemba ikifika, mwambie fundi apunguze mbele yako kipimo cha saa ya umwagiliaji, yaani kifaa kinachofungua na kufunga maji chenyewe, na akuonyeshe namna ya kuibadilisha, kwa maana wengi huisahau katika kipimo cha Julai hadi Machi. Usiku wa baridi kali, ambao huja zaidi Desemba na Januari, funika mlonge, migomba na mimea mingine ya nchi za joto kwa shuka linalofika chini, usitumie plastiki, na uliondoe asubuhi. Matawi yaliyounguzwa na baridi yaachwe kama yalivyo hadi Machi, hata fundi akitaka kuyakata mapema ili ua upendeze, kwa sababu ndiyo yanayokinga vichipukizi vilivyo chini yake.